Nguo za Watu wa Kuchorwa

Vijana wangu, mnakuja hapa kwangu, mtaa wa Iroquois, Louisville, na simu mkononi, mnanionyesha mtu wa katuni ya Kijapani na kuniuliza, "Bibi, koti hili linasimamaje hivi?" Nawajibu, mnaondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilijulia wapi. Sasa macho yangu yameingia ukungu, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki asubuhi, na cherehani nimeifunika shuka. Nafasi ya kuwaambia ninayo. Lakini msitegemee hadithi tamu. Kazi hii ilinilisha, halafu ikaninyang'anya mtu, na nikikaa peke yangu namfikiria huyo mtu kuliko chakula.

Nianze na hilo koti. Linasimama kwa sababu aliyelichora hakusumbuliwa na uzito wa kitambaa. Akitaka ukosi ufike masikioni, unafika. Joho akilitaka lipepee ndani ya chumba kisicho na dirisha, linapepea. Wewe unayeshona una kitambaa, na kitambaa kila siku kinataka kuanguka. Kwa hiyo ndani ya ukosi weka bitana ngumu, uikate ndogo kidogo kuliko ukosi wenyewe ili isitokeze mshononi. Pindo la joho lipinde jembamba, na ndani yake upitishe uzi wa kuvulia samaki, ule mnene. Litajikunja lenyewe mawimbi mawimbi, na kila atakayeliona atadhani upepo unavuma.

Ujanja huo wa uzi nilipewa na Lorraine, mama mmoja Mzungu wa Buffalo, mzee wakati huo kama nilivyo mimi leo. Alikuwa na karakana ya kushona mavazi ya michezo ya kuigiza. Mimi nilikuwa nimetoka kambini Tanzania, na kabla ya kambi nilitoka kwetu Kongo, milimani, juu ya mji wa Uvira. Pale Buffalo walikuwa wamenipa kazi ya kukunja mashuka ya hospitali. Aliyeniletea habari za Lorraine ni Riziki.

Riziki nimweleze vizuri, maana ndiye habari yenyewe. Tulizaliwa kijiji kimoja. Vita ilipotushusha kutoka milimani, mimi nilikuwa na homa, siwezi kubeba hata sufuria, na binti yangu Neema alishuka mgongoni mwa Riziki mpaka ziwani. Kambini tulipata cherehani moja ya miguu. Mimi nilikata, yeye alishona, na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Tulipoletwa Marekani tuliletwa mji mmoja, na siku moja akanijia kwenye mashuka yangu akasema, "Dada, nimeona mama moja anatafuta mafundi. Iko na macherehani tano, na zote zinalala."

Lorraine alikuwa na maneno machache, na hiyo ilitufaa, maana Kiingereza chetu kilikuwa kidogo. Neno lake kubwa lilikuwa hili: mchoro haupumui. Alikuwa akimvika mteja nguo iliyoshikwa pini tu, kisha anamwambia akae, ainame, apande ngazi, anyanyue mikono kama anayeshangilia. Mwisho anamtuma chooni. Mteja akirudi akiwa mwekundu usoni, Lorraine anafumua mgongo wote na kutafuta mahali pengine pa kuweka zipu. Nilimwona akimkatalia kijana mmoja kuondoka na vazi zuri sana kwa sababu hiyo tu. Na nyinyi fanyeni hivyo. Watu wa kuchorwa hawaendi chooni. Wateja wenu wataenda.

Mara ya kwanza tulipopewa vazi la Kijapani tulilifanya kichekesho. Alikuja mwanaume mtu mzima, dereva wa lori, aliyekulia kwenye kumbi za zile mashine za michezo kubwa kama kabati, za kutumbukiza sarafu na kucheza umesimama. Alitaka koti la mpiganaji wa mchezo mmoja wa zamani. Picha aliyoleta aliipiga kutoka kwenye kioo cha mashine yenyewe, na mtu wa mashine zile, ukimtazama kwa karibu, ni vipande vidogo vya mraba vya rangi vilivyopangwa. Sisi tutajuaje? Riziki aliigeuza picha huku na huku, akasema, "Bon, huyu muntu ni maskini. Koti yake yote ni viraka." Tukashona viraka. Tulikata vipande vya mraba vya buluu, vya kijivu na vyeupe, tukaviunga kimoja kimoja, hata pindo la chini tukalifanya la ngazi ngazi kama lilivyokuwa pichani. Lorraine aliporudi akaliona, alikaa chini sakafuni na kucheka mpaka akashika mbavu. Dereva yeye hakucheka. Alilivaa, akajitazama kiooni muda mrefu, akasema ndivyo alivyomkumbuka.

Lorraine alipozeeka akafunga karakana na kwenda kuishi kwa dada yake, na sisi tukaenda Columbus, alikokuwa kaka yake Riziki. Tulipanga nyumba moja karibu na chuo kikuu, mitaa ile iliyojaa wanafunzi. Nilikuwa mjane na Neema wangu, Riziki alikuwa mjane na mwanawe Daudi. Chumba cha mbele tukakifanya karakana. Asubuhi tulikwenda kuwaosha wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, na jioni tulishona.

Wanafunzi walituletea kazi kuliko tulivyoweza kushona. Mimi nilipima na kukata, Riziki alishona na kutengeneza silaha na ngao za sponji. Mkono wake kwenye sponji sijauona kwa mtu mwingine. Alikuwa akiipitishia hewa ya moto mpaka uso wa sponji unang'aa kidogo, anaikunja juu ya goti lake, anaishikilia hadi ipoe, na umbo linabaki. Gundi alipaka pande zote mbili, kisha anangoja. Nyinyi hamngoji, ndiyo maana ngao zenu zinaachia. Ngoja mpaka ukigusa kwa kidole hainati, hapo ndipo ubandike, na ubandike mara moja maana hakuna kurudia.

Halafu zile manga, hadithi za picha za Kijapani. Wanafunzi walikuwa wanatuachia vitabu ili tuone nguo, vile vinavyofunguliwa kwa nyuma. Riziki hakujua kusoma Kiingereza, lakini alivifuata kwa picha, toka mwanzo hadi mwisho, na huku akishona alinisimulia. "Huyu mama yake alikufa, unaona? Donc anatafuta ndugu yake. Hawa wanamficha." Sijui kama ndivyo ilivyoandikwa. Kuna kimoja kilimliza, akazima cherehani akaenda kunawa uso. Mimi sikuwa na subira nazo. Nilitaka nguo tu, mbele, nyuma na ubavuni. Nawaambia haya ili mjue ni nani kati yetu aliyezipenda.

Daudi akaugua. Alikuwa kijana mkubwa, amemaliza shule, anapakia mizigo ghalani. Akaanza kusikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Akaacha kazi, akaacha kula mezani, akaziba dirisha lake kwa magazeti. Riziki alimbembeleza, akampigia magoti. Jumamosi moja mchana, sponji ikipoa gotini, akaniambia, "Dada, mi nilichoka. Daudi hasikii tena sauti yangu. Anasikia tu zile zingine."

Nilimwambia tumpeleke hospitali. Akasema atamuuliza kwanza mchungaji.

Mchungaji wa kanisa letu alikuwa mgeni, mtu wa kwetu, Amosi. Alikuja nyumbani kumwombea Daudi. Akapita chumba cha mbele. Ukutani tulikuwa tumetundika kazi ya binti mmoja Mkenya, Wanjiru, mtafiti pale chuoni. Vazi la shujaa wa kike, joho refu jekundu, ngao ya kifua, na pembe mbili za sponji ambazo Riziki alizichonga kwa wiki nyingi. Tulilishona majira yote ya baridi. Wanjiru alikuwa analisubiri kama watu wanavyosubiri harusi.

Amosi alisimama mbele ya zile pembe. Nilikuwa nimeshika trei ya chai. Akasema taratibu, wala hakupaza sauti, "Mama Daudi, mikono inayowashonea mashetani nguo, mashetani wanaijua nyumba yake."

Nikamwambia, "Mchungaji, hiyo ni sponji. Ni ile ile ya kulalia watoto wanaofanya mazoezi shuleni."

Alimtazama Riziki tu, na Riziki alikuwa anatazama pembe kana kwamba zimetengenezwa na mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata niliketi safu ya pili, nimevaa joho la kwaya tulilolishona sisi wawili. Riziki akaitwa kutoa ushuhuda. Akasimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema, "Mi nilishonea shetani manguo. Sikujua. Ni Mama Neema njo aliniingiza mu hiyo kazi. Leo Bwana amefunga mikono yangu, haitashona tena ile mambo." Watu wakasema amina. Wengine wakageuka kunitazama. Nilingoja aseme mengine, aseme ni nani aliyemfuata mwenzake kwenye mashuka ya hospitali. Aliketi akajifunika uso.

Tulipotoka nje, nyuma ya kanisa, kwenye maegesho, nikaona pipa, na vijana wawili wa ushirika wakimimina mafuta. Kando ya pipa kulikuwa na mifuko yetu. Riziki alikuwa ameamka mapema siku ile, na ufunguo wa chumba cha mbele tulikuwa nao wote wawili. Alikuwa ametoa vyote, vitabu na mavazi ya wateja, na joho la Wanjiru juu kabisa.

Nilikwenda kwake, sikwenda kwa mchungaji. Nilimshika mkono. "Riziki, hiyo nguo ni ya mtoto wa watu."

"Uniache, dada. Ni kwa ajili ya Daudi."

"Mrudishie Wanjiru nguo yake, halafu uache kazi. Sitakuzuia."

"Uniache."

Daudi alikuwa ndani ya gari, amejifunika kofia ya koti, hatazami. Wakawasha.

Nitawaambia kitu ambacho Lorraine hakutufundisha. Pamba inaungua inakuwa majivu. Poliesta haiungui, inayeyuka, inadondoka kama nta, inanata ukingoni mwa pipa. Sponji inatoa moshi mweusi mzito unaokaba koo. Watoto walianza kukohoa na mama zao wakawarudisha ndani, na kwaya ilikuwa bado inaimba. Lile joho jekundu lilikuwa la sufu, sufu ya kweli, nami nilijua sufu haipendi moto. Ilikaa muda mrefu juu ya vile vingine, inafuka tu, kabla haijashika. Nilisimama pale mpaka iliposhika.

Wanjiru alikuja Jumatatu. Nilimkalisha nikamweleza yote. Alisikiliza, mikono katikati ya magoti. Akasema, "Sawa, Anti. Ni sawa." Nikamwambia nitamshonea lingine hata kama nitashona peke yangu. Akasema siku ya kulivaa kwenye kusanyiko lao ni Ijumaa ile ile, na akaniuliza kama mimi niko salama ndani ya nyumba hiyo. Aliniuliza mimi. Kisha akaondoka, na wanafunzi wengine nao hawakuja tena. Siwalaumu. Mtu hapeleki nguo yake mahali inapoweza kuchomwa.

Daudi hakupona kwa moto ule. Alizidi, mpaka siku polisi walipomkuta barabarani bila viatu, wakampeleka hospitali kwa nguvu. Huko wakampa dawa. Anazimeza hadi leo, yuko mzima, anafanya kazi ghalani huku Okolona, mtaa wa mji huu, ana mke na watoto. Nilimshukuru Mungu na bado namshukuru. Lakini sikumbuki mtu yeyote kusimama kanisani kutoa ushuhuda wa vile vidonge.

Mimi nilihamia Louisville na Neema. Nilishona peke yangu, kwenye chumba cha chini cha nyumba, na ubora haukuwa ule. Ngao zangu ni za mtu aliyekuwa akitazama mwingine akizitengeneza. Wateja wenyewe walianza kupungua. Siku hizi nguo za katuni zinatoka viwandani, zinafika mlangoni ndani ya mfuko wa plastiki, satini inayometa kama karatasi ya pipi, na mtu anaivaa mara moja. Mnaponiuliza kama kazi hii italisha watoto wenu, nawajibu hapana, na hamnipendi kwa jibu hilo. Jifunzeni hata hivyo, kama mnaipenda, ila msiache ajira. Na mkifungua karakana wawili, kila mmoja awe na kabati lake na ufunguo wake. Msiniambie mnapendana kama ndugu.

Riziki naye alihamia Louisville baada ya miaka, kumfuata Daudi na wajukuu. Nilisikia. Nilimwona mara kadhaa kwa mbali, kwenye misiba. Hakuja nilipokaa, nami sikwenda alipokaa.

Majira ya kuchipua yaliyopita, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mlango uligongwa. Alikuwa yeye, amenenepa, nywele nyeupe, na binti wa kama miaka kumi na mitano. "Huyu ni Esta wa Daudi," akasema. Akafungua mfuko wa plastiki juu ya meza yangu. Lilikuwa vazi la kununua mtandaoni, zipu imekatika, joho limekatwa kama pazia. "Mutoto anataka nguo ya ile mambo yao. Walituma mbaya. Analia tangu jana. Unaweza, dada?"

Neno hilo, dada, lilinikera kuliko lile vazi.

Nikaishika satini, nikairudisha mezani. "Mikono yangu imekwisha."

"Basi nani ataweza?"

Nikaenda nikaondoa shuka juu ya cherehani. "Wewe."

Alisimama. Esta alimuuliza kitu kwa Kiingereza, kwamba kwani bibi yake anajua kushona. Nilidhani atachukua mfuko wake aondoke. Alivua koti, akalitundika kitini. Akavua kiatu cha mguu wa kulia, maana hakuwahi kukanyaga cherehani na kiatu hata siku moja, akakaa.

Nilimpa sufu nyekundu iliyobaki kabatini, na sponji. Sikumsaidia. Nilikaa upande wa pili wa meza. Alipotandika kitambaa na kuweka mkasi, nikaona anataka kukata joho kwa urefu wa kitambaa.

"Mshazari," nikasema.

"Najua," akasema, akakigeuza ili mkasi upite kona kwa kona.

Alishona alasiri ile na Jumamosi mbili zilizofuata. Mtu wa katuni wa Esta alikuwa na pembe, ndogo, zimepinda nyuma. Riziki alizipasha moto, akazikunja juu ya goti lake, akazishikilia. Umbo lilibaki. Nikamuuliza, "Na hizi hazina shetani?"

"Uache, Mama Neema."

Nilichemsha chai, nikamtuma Esta dukani kununua maziwa ambayo sikuyahitaji, ili tubaki wawili. Nilimpa nafasi hiyo kila Jumamosi. Tulizungumza habari za uzi, za kisukari chake, za shemeji yake aliyefariki Bujumbura. Jumamosi ya mwisho Esta alilivaa. Alikaa, akainama, akapanda ngazi zangu, akaenda chooni akarudi. Joho lilipepea ndani ya chumba. Yule mtoto alijitazama kiooni, akaanza kulia tena, kilio kingine, akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, kila mmoja kwa mkono wake. Bega la Riziki lilikuwa limegusana na langu. Kisha akafagia nyuzi, akavaa kiatu, akasema, "Mungu akubariki," wakaondoka.

Mliokwenda kwenye lile kusanyiko la wavaa nguo za katuni mwaka huu mlimwona Esta. Mlimpiga picha. Wengine mliniletea picha hizo na kuniambia, "Bibi, hii ni kazi yako, tumeitambua." Niliwaambia si yangu, mkadhani nina unyenyekevu.

Wiki chache baadaye nilikuwa kwenye duka la Kiafrika, nangoja sombe, kisamvu cha kwetu. Mwenye duka ni mama Mrundi, mcheshi, anapenda kukutanisha watu. Riziki aliingia, akasimama nyuma yangu, akaomba ndagala, zile dagaa za ziwani. Tukasalimiana. Mwenye duka akatutazama mmoja na mwingine, akauliza, "Ninyi mnajuana?"

Nilimwachia Riziki ajibu.

Riziki alikuwa anachagua ndagala, anazigeuza kwa ncha ya kidole. "Namfahamu kidogo," akasema. "Ni fundi wa kushona."